Waliojitolea: vijana wa Uvira na vita, tangu Mulele hadi Wazalendo

UVIRA, Kivu ya Kusini. M23 waliingia mji wa Uvira tarehe 10 Desemba 2025, wakaondoka katikati ya Januari 2026. Jeshi la serikali, FARDC, lilirudi mjini, na pamoja nalo wakarudi Wazalendo, vijana wenye bunduki ambao wengi wao hawana matrikuli, hawana mshahara, na wengine wamevaa nusu sare ya jeshi na nusu nguo ya nyumbani. Kwa familia zilizovuka Ruzizi kwenda Burundi, na kwa wale waliobaki wamejifungia nyumbani Kavimvira, Mulongwe au Kalundu, Wazalendo ni habari ya leo. Lakini wazee wa uwanda wamewaona vijana wa namna hii mara nyingi. Wamewaita Simba, wamewaita Mulele, wamewaita kadogo na Mai-Mai. Jina lilibadilika kila baada ya miaka kumi hivi. Kijana alibaki ni mtoto wa kijiji ambaye hakuna ofisi iliyomwandikisha, analishwa na mama za watu, na siku vita inapokwisha hakuna anayejua pa kumweka.

Historia hiyo ina faida kujulikana, hasa na wazazi ambao watoto wao wako porini sasa hivi.

Ilianza mwaka 1964, miaka minne baada ya uhuru na mitatu baada ya Lumumba kuuawa. Wafuasi wake waliofukuzwa madarakani walikuwa wameunda baraza la ukombozi, CNL, wakakaa Brazzaville. Mmoja wao, Gaston Soumialot, alitumwa Bujumbura mwanzoni mwa mwaka ule. Bujumbura ni jirani, mtu anaona taa zake usiku kutoka Uvira, na kutoka huko Soumialot alitafuta watu katika uwanda wa Ruzizi. Hakupata taabu. Bafuliru walikuwa na madai yao ya zamani: kilimo cha pamba walicholazimishwa wakati wa Wabelgiji, na ugomvi mkali na mwami wao, Henri Simba, ambaye wengi walimwona ni mtu wa serikali. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba waasi waliomkimbiza mwami Simba ndio hao baadaye waliojiita Simba. Kiongozi aliyeheshimiwa katika uwanda alikuwa Musa Marandura, na kwa upande wa vita akasimama Louis Bidalila.

Mwezi wa Aprili 1964 vijana wa uwanda walianza kuyashambulia magari ya jeshi barabarani. Walikuwa na mikuki, mishale na mapanga. Jeshi la taifa la wakati ule, ANC, lilikuwa na bunduki za rashasha na malori. Jeshi ndilo lililokimbia. Uvira ikaanguka tarehe 15 Mei 1964. Moto ukateremka kando ya ziwa hadi Albertville, ambayo leo ni Kalemie, mwezi wa Juni, na mwanzoni mwa Agosti ukafika Stanleyville, leo Kisangani. Kwa miezi michache karibu nusu ya Kongo ilikuwa mikononi mwa watu ambao mwanzo wao ulikuwa katika vijiji ambavyo leo mtu anavipita kwa teksi akienda Sange.

Upande wa kaskazini walizuiwa. Kwenye vita ya Kamanyola mwaka ule Mobutu alikuwapo mwenyewe, na alipochukua madaraka alikifanya kijiji hicho kuwa jina la sifa: divisheni ya jeshi iliitwa Kamanyola, na uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa nao uliitwa Kamanyola mpaka mwaka 1997, ulipopewa jina la Mashahidi. Bukavu iliokolewa mwezi wa Agosti na Kanali Léonard Mulamba. Kwa hiyo kila upande uliondoka na hadithi yake ya ushujaa juu ya uwanda mmoja. Wakaaji wa uwanda wenyewe hawakupewa uwanja wa mpira.

Swali ambalo watu wengi huuliza ni hili: mikuki ilishindaje bunduki? Jibu la haraka ni dawa, na wazee hawaoni haya kulisema. Mpiganaji alinyunyiziwa maji, akachanjwa, akaambiwa risasi itageuka kuwa maji akipiga kelele ya "Mai Mulele". Askari wa ANC, waliotoka majimbo ya mbali, waliisikia sifa ya dawa hiyo kabla ya kuwaona wapiganaji wenyewe, na wengi waliiamini sawa na wale waliochanjwa. Walipoona watu wanakuja wima bila kujificha, walitupa silaha. Silaha hizo ziliokotwa, na vita ya pili ikapiganwa kwa bunduki.

Lakini dawa ilikuwa na kazi nyingine ambayo husahaulika. Haikufanya kazi bila masharti. Mpiganaji hakuruhusiwa kuiba, hakuruhusiwa kumgusa mwanamke, hakuruhusiwa kugeuka nyuma vitani, na kulikuwa na vyakula na mikono ya wapishi iliyokatazwa. Mtu akitazama masharti hayo vizuri ataona kwamba ni sheria za jeshi. Jeshi la serikali lina mahakama ya kijeshi, lina gereza, na lina mshahara wa kukata mtu akikosa. Kikosi cha waliojitolea hakina hata kimoja. Kilikuwa na mwiko tu. Aliyeiba kuku wa mwanakijiji alijua kwamba kesho risasi itampata, na wenzake walijua vilevile, wakamwogopa kama mtu mwenye ugonjwa. Kwa miezi ya kwanza jambo hilo lilifanya kazi, na ndiyo sababu vijiji viliwalisha Simba kwa moyo.

Vita ilipoendelea, mwiko ulilegea. Chakula kilipungua, wapiganaji wapya walikuja bila maandalizi, na kila aliyekufa ilisemwa alivunja sharti. Waliokufa walikuwa wengi mno. Wapiganaji wakaanza kuchukua kwa nguvu kile walichokuwa wakipewa. Hapo ndipo mambo yalipowafikia Banyamulenge. Mwanzoni baadhi ya vijana wao walikuwa pamoja na waasi au walikaa kando. Waasi walipopandisha milima na kuanza kula ng'ombe wao, Banyamulenge walichukua silaha kwa upande wa serikali, wakawa nao kikosi cha kujilinda. Majirani wawili, kila mmoja na vijana wake waliojitolea, kila mmoja akiamini analinda nyumba yake. Watu wanaotafuta mwanzo wa chuki ya milima ya Uvira na Fizi huanza na mwaka 1996. Wangerudi nyuma miaka thelathini.

Serikali ilirudisha Uvira mikononi mwake tarehe 7 Oktoba 1964. Waasi walirudi nyuma hadi milima ya Fizi, na huko ndiko dunia nzima ikawafuata. Aprili 1965, Ernesto Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma na kutua Kibamba. Wakuba waliomfuata walipita mia moja, nao walikuwa watu wa kujitolea, na walipewa majina ya namba za Kiswahili: wa kwanza Moja, wa pili Mbili, na Che mwenyewe Tatu. Alikuta makamanda wengi na wapiganaji wachache walio tayari. Walikataa kubeba mizigo kwa sababu, walisema, wao si lori. Shambulio la Bendera mwezi wa Juni 1965 lilishindwa. Laurent-Désiré Kabila, aliyekuwa mkubwa wa eneo lile, alikaa zaidi ng'ambo ya ziwa kuliko mstari wa mbele. Novemba mwaka uleule Che aliondoka usiku kwa boti.

Waliomfukuza nao waliitwa waliojitolea. Serikali ya Tshombe iliwaandika Wazungu wa Mike Hoare, wengi wao kutoka Afrika Kusini, kwa jina la "volontaires", ingawa walilipwa kila mwezi kwa fedha nzuri. Ndio walioshuka Baraka kwa boti mwishoni mwa Septemba 1965 na kuichukua Fizi. Kwenye ufuko mmoja wa Tanganyika, basi, mwaka mmoja, walikutana waliojitolea wa aina tatu: mtoto wa Kibembe asiye na senti, Mkuba aliyetumwa na chama chake, na mamluki mwenye mkataba. Historia iliyoandikwa kwa lugha za Wazungu imejaa hao wawili wa mwisho. Majina ya wa kwanza hayakuandikwa na mtu.

Kabila alibaki. Desemba 1967 aliunda chama chake, PRP, na kwa miaka mingi alishikilia sehemu ya milima ya Fizi iliyoitwa Hewa Bora, wakiuza dhahabu na pembe za ndovu kupitia ziwani. Mwaka 1975 watu wake walivuka hadi Gombe, Tanzania, wakateka wanafunzi wanne wa kigeni waliokuwa wakifuatilia sokwe. Zaidi ya hapo Kinshasa iliwasahau.

Mwaka 1996 haukuwasahau tena. Vita ya AFDL ilianzia hapa, milimani na katika uwanda, mwezi wa Septemba na Oktoba. Uvira ilianguka mwishoni mwa Oktoba, na tarehe 17 Mei 1997 majeshi ya Kabila yakaingia Kinshasa. Njiani aliokota maelfu ya watoto walioitwa kadogo. Wengine walipanda malori wenyewe, shule zikiwa zimefungwa na vita ikionekana kama safari. Familia nyingi za Uvira zina kadogo mmoja ambaye alionekana mara ya mwisho akiwa Lubumbashi au Kinshasa, na barua haikufika.

Kisha ikaja vita ambayo wakaaji wa leo wanaikumbuka vizuri zaidi, ile ya tarehe 2 Agosti 1998. RCD, wakisaidiwa na Rwanda, walichukua miji ya mashariki kwa siku chache, na Uvira ikawa mikononi mwao mapema mwezi ule. Vijijini hawakutawala kamwe. Mai-Mai walizaliwa karibu kila mlima: Zabuloni Rubaruba katika milima ya Uvira, Dunia upande wa Fizi, na mbali zaidi, Bunyakiri, Padiri Bulenda. Maji yalirudi, na masharti yakarudi karibu yaleyale ya 1964, kwa sababu madaktari wengine wa dawa walikuwa watoto au wanafunzi wa wale wa zamani. Lakini safari hii walikuwa na redio za mawasiliano, vyeo vya jeshi na mihuri, na Kinshasa iliwatumia silaha ilipoweza.

Sababu ya vijana kwenda haihitaji kutafutwa mbali. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999, watu wengi sana, raia, waliuawa Makobola, kilomita chache kusini mwa Uvira. Baada ya hapo kamanda hakuwa na haja ya kuhubiri. Kijana aliyezika ndugu zake alipanda mlima mwenyewe. Ni kweli pia kwamba wengine walipanda kwa sababu kulima kando ya barabara kulikuwa kifo, na porini angalau kulikuwa na mihogo ya kushirikiana.

Watu wa nje walizoea kusema vita ile ilikuwa ya kabila dhidi ya kabila. Januari 2002, Patrick Masunzu, afisa Munyamulenge, aliasi dhidi ya RCD na wakubwa wake wa Kigali, akapigana nao milimani Minembwe pamoja na vijana wa Banyamulenge waliomfuata, na Mai-Mai walikuwa adui wa adui yake. Kwa muda mfupi pande mbili zilizokuwa zikitazamana tangu 1964 zilikuwa na adui mmoja. Ingefaa watu wakumbuke jambo hilo mara nyingi zaidi kuliko wanavyolikumbuka.

Mwaka uleule majeshi ya Rwanda yaliondoka rasmi kwa mapatano ya Pretoria. Tarehe 13 Oktoba 2002 Mai-Mai waliteremka, wakaichukua Uvira. Watu walitoka nje kuwapokea. Siku sita baadaye, tarehe 19, RCD wakairudisha, na waliopiga makofi Jumapili walikuwa wakikimbilia Burundi kabla ya Jumapili nyingine. Tangu siku hizo kuna wazazi wa Uvira ambao hawaruhusu watoto wao kwenda barabarani kumpokea mtu yeyote mwenye bunduki, awe nani. Desemba 2025 mafunzo hayo yalisaidia baadhi ya nyumba.

Amani iliyotiwa sahihi Afrika Kusini, Sun City, mwaka 2003, iliwatambua Mai-Mai kama upande kamili wa mazungumzo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa waliojitolea wa mashariki kupewa kiti. Padiri akawa jenerali wa jeshi la taifa. Kwa mpiganaji wa chini njia ilikuwa nyingine: kambi ya kuchanganya majeshi, brassage. Moja ya kambi hizo ilikuwa hapa, Luberizi. Siku 45 za mafunzo, adui wa jana kitanda cha pili, kisha kutumwa jimbo la mbali. Asiyetaka jeshi alipewa na tume ya CONADER dola 110 za kuondokea, na dola 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Fedha zilichelewa, na mwaka ulipokwisha zilikwisha.

Hapo ndipo fundo lilipofungwa, na halijafunguliwa mpaka leo. Kijana aliyejitolea alichukua silaha kulinda kijiji chake. Jeshi lilimwambia: sawa, utakuwa askari, lakini utakwenda Ekateri au Kasai, na kijiji chako kitalindwa na mtu usiyemjua, huenda yuleyule uliyempiga. Wengi walikubali. Wengine, kama William Amuri Yakutumba huko Fizi, walikataa kuondoka, wakarudi milimani na kikosi. Kutoka upande wa serikali huo ni uasi mtupu. Ukiwa umekaa Makobola, sababu yake unaielewa, hata kama hukubaliani na yote yaliyofuata. Tarehe 28 Septemba 2017, muungano wa Yakutumba uliishambulia Uvira yenyewe, wengine wakija kwa boti ziwani, na wanajeshi wa Umoja wa Mataifa, MONUSCO, walisaidia kuwazuia. Mtu aliyeanza kama mlinzi wa wenyeji alikuwa akipiga mji wa wenyeji.

Milimani mambo yalizidi kuharibika. Kutoka 2017 vijiji vya Bijombo na Minembwe vilichomwa, vya Banyamulenge na vya Bafuliru, Banyindu na Babembe, na kila jamii ikaongeza vijana wake: Mai-Mai upande mmoja, Gumino na Twirwaneho upande wa pili. Twirwaneho maana yake ni kujilinda. Kila kikosi kilikuwa na jina la namna hiyo. Kiongozi wa Twirwaneho, Michel Rukunda aliyeitwa Makanika, aliuawa Februari 2025, na kikundi chake kikatangaza kuwa upande wa M23.

Wazalendo walizaliwa rasmi kwa hotuba. Tarehe 3 Novemba 2022, M23 wakiwa wanasonga mbele Rutshuru, Rais Félix Tshisekedi aliwaita vijana wajiunge na jeshi na wajipange katika vikundi vya ulinzi. Mwaka 2023 bunge lilipitisha sheria ya akiba ya jeshi, RAD, ili hao wanaopigana pamoja na FARDC wapate mahali katika sheria. Yakutumba, yule wa 2017, akawa Mzalendo. Makamanda wengi wa Uvira na uwanda waliingia hivyohivyo, na kikosi kilekile, na eneo lilelile, jina tu likiwa jipya.

Goma ilianguka Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari. Serikali ya jimbo ilihamia Uvira. Wanajeshi waliokuwa wakikimbia waliteremka RN5 hadi mjini, Wazalendo wakataka kuwanyang'anya silaha, wakisema aliyekimbia hastahili bunduki. Risasi zililia kati ya pande mbili za serikali moja, raia wakafa, na maelfu wakavuka Ruzizi, wengine kwa kuogelea. Septemba, Wazalendo na sehemu ya wakaaji walimkataa Jenerali Olivier Gasita, afisa wa FARDC, kwa sababu ni Munyamulenge. Watu walikufa katika maandamano, na jenerali akaondoka Uvira. Kikosi kisicho na matrikuli kilikuwa kimeamua nani ataongoza jeshi mjini. Na jambo hilo lilifanywa kwa mtu ambaye amevaa sare ya taifa, kwa kosa la kuzaliwa.

Kuhusu chakula, hali ni ya 1964. Wazalendo hawana mshahara unaojulikana. Kuna barieri, kuna jetoni anayopewa mwenye pikipiki ili apite, kuna mchango wa soko. Mama muuza ndagala wa Kalundu analipa kodi ya serikali, kisha analipa ulinzi. Hakuna mwiko tena wa kumzuia kijana, kwa sababu wengi wa leo hawaamini maji kama babu zao walivyoamini, na sheria ya kijeshi haijamfikia. Hapo katikati ndipo mwananchi anapoishi. Pamoja na hayo, wakati Luvungi na Sange zilipoanguka mwanzoni mwa Desemba 2025, siku chache baada ya mapatano ya Washington kutiwa sahihi, kulikuwa na vijana hao waliobaki kwenye mistari mpaka mwisho, na familia zao ndizo zinazouliza leo, mjini na katika kambi ya Busuma huko Burundi, kama kuna orodha ya waliokufa.

FARDC huandika askari wake. Familia ya aliyekufa ina ofisi ya kwenda, hata kama itazungushwa. Kwa Mzalendo, mwenye daftari ni kamanda wake, akiwa nalo, na akiwa hai. Sheria ya 2023 inatamka akiba ya jeshi yenye watu walioandikwa. Miaka miwili kabla yake, Julai 2021, serikali hiyohiyo iliunda mpango wa P-DDRCS wa kuwatoa vijana katika vikundi na kuwarudisha katika jamii. Ofisi moja inamngoja kijana wa Lemera aweke bunduki chini, nyingine inamngoja aje nayo. Yeye alikuwa barierini juu ya Kiliba, mwezi wa Januari 2026, na watu waliokuwa wakirudi kutoka Burundi na magodoro kichwani walipita mbele yake.